Jinsi ya kuchambua A Tale of Two Cities: wahusika na dhamira, hatua kwa hatua

Kama umepewa riwaya ya A Tale of Two Cities (Hadithi ya Miji Miwili, yaani London na Paris) ya Charles Dickens uisome na uiandikie insha, na umefika sura ya nne bado hujajua nani ni nani, usikate tamaa, wengi wanakwama hapo hapo. Stori inaanza usiku kwenye ukungu, gari la posta linapanda kilima kuelekea Dover, abiria wamejifunika mpaka masikioni na kila mmoja anamuogopa mwenzake, alafu anatokea mtu juu ya farasi analeta ujumbe kwa mzee mmoja wa benki, na mzee anajibu kwa maneno matatu tu, amerudishwa kwenye uhai. Huelewi kitu. Na Dickens anataka usielewe, kwasababu stori nzima imesimama juu ya jambo lililotokea miaka 18 kabla ya safari hiyo na hatakuambia ni nini mpaka unakaribia kumaliza.

Nimekisoma hiki kitabu mara kadhaa na nimekaa na wadogo zangu wakikiandikia insha, na tatizo ninaloliona kila mara ni lile lile. Mtu anaorodhesha sifa za wahusika, Lucie ana huruma, Carton mlevi, Madame Defarge ana roho ya kisasi, alafu chini anaorodhesha dhamira, kafara, ufufuo, mapinduzi, na hayo makundi mawili hayakutani popote. Njia niliyoona inafanya kazi ni kumuuliza kila mhusika swali moja: huyu analipa deni gani, na deni lenyewe ni la nani? Ukishika hilo swali, wahusika na dhamira vinakuja pamoja bila kulazimisha. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua anayeandika ni nani na anamwandikia nani

Riwaya ilitoka mwaka 1859, kipande kimoja kila wiki kwenye jarida la Dickens mwenyewe, All the Year Round, kuanzia Aprili mpaka Novemba. Ina sura 45 zilizogawanywa kwenye vitabu vitatu. Hii habari ya kila wiki sio ya kupamba utangulizi tu, inakueleza kwanini kila baada ya sura mbili tatu kuna kitu kinaachwa kinaning'inia, maana msomaji ilibidi arudi kununua toleo la wiki inayofuata. Kwahiyo ukiulizwa taharuki, anzia hapo.

Kitu cha pili, mwaka 1859 mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa na miaka 70 tayari. Dickens hakuyaona. Historia yake kaichota sana kwa Thomas Carlyle aliyeandika juu ya mapinduzi hayo mwaka 1837, na kwenye utangulizi wake anamtaja. Wazo la mwanaume anayejitoa kwa ajili ya mwanamke asiyeweza kumpata anasema lilimjia akiwa anaigiza kwenye tamthilia ya rafiki yake Wilkie Collins. Wasomaji wake ni Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, sio Wafaransa, na hilo usilisahau unapofika kwenye dhamira ya mapinduzi: anawaambia watu wa kwao, hiki kilichotokea ng'ambo ya mlango wa bahari kinaweza kutokea popote ambapo watu wanakanyagwa hivyo.

Cha tatu ndo ninachokipenda mimi. Mwaka 1824 baba yake Dickens alifungwa gereza la Marshalsea, London, kwasababu ya madeni. Charles alikuwa na miaka 12 na alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi ya viatu, anabandika lebo kwenye vichupa. Mtoto anatoa jasho kwasababu ya deni la baba. Sisemi riwaya ni maisha yake, usiandike hivyo, ila ukiona mtu ambaye moyo wake haukuacha magereza, na watoto wanaobebeshwa makosa ya wazazi, unaelewa kwanini anajua kuliandika.

Hatua ya 2: Chora mstari wa miaka kabla hujaanza kuchambua

Chukua karatasi, ilaze, piga mstari mmoja mrefu. Dickens anapanga matukio kwa namna yake lakini wewe ukiwa unachambua unayahitaji kwa mpangilio yalivyotokea. Ndiyo, nitakutolea siri ya kitabu hapa, kama hujamaliza kusoma na unataka utamu wake, kamalize kwanza urudi.

1757, mwezi Desemba. Daktari kijana wa Paris, Alexandre Manette, anachukuliwa usiku na ndugu wawili mapacha wa ukoo wa Evrémonde kwenda kutibu wagonjwa wawili. Anakuta binti wa mkulima aliyenajisiwa na ndugu mdogo, amepoteza akili kwa uchungu, na kaka yake binti, kijana mdogo, kachomwa upanga alipojaribu kumtetea. Mume wa binti walishamfunga kwenye mkokoteni kama mnyama mpaka akafa. Wote wawili wanafia mikononi mwa daktari. Daktari anaandika barua kwa waziri, barua inaangukia mikononi mwa hao hao ndugu, na yeye anatupwa gereza la Bastille, chumba namba 105, mnara wa kaskazini, bila kesi.

1767. Akiwa mwaka wa kumi gerezani anaandika yote kwa siri kwa masizi na damu na kuficha ndani ya bomba la moshi. Mwishoni anawashtaki Evrémonde na kizazi chao chote mpaka wa mwisho. Hilo neno kizazi liwekee alama.

1775, anatoka, na hapo ndo kitabu kinapoanzia. 1780, kesi ya Charles Darnay kule mahakama ya Old Bailey, London, anatuhumiwa kuipelekea Ufaransa siri za jeshi la Mwingereza, anaponea kwasababu anafanana na wakili mlevi mle mle mahakamani, Sydney Carton. 1789, Julai 14, Bastille inaanguka, na mzee Defarge mwenye duka la mvinyo anakimbilia moja kwa moja chumba namba 105 kupekua. 1792, Agosti, Darnay anarudi Paris kumuokoa mtumishi wake na anakamatwa. Anakaa ndani mwaka na miezi mitatu. Mwisho wa 1793, anaachiwa, jioni ile ile anakamatwa tena, barua ya 1767 inasomwa mbele ya mahakama, na kwakuwa yeye ni mtoto wa Evrémonde anahukumiwa kifo, alafu Carton anayefanana naye anaingia gerezani kwa siri na kufa badala yake.

Ukitazama mstari wako utaona kitu. Kila jambo kubwa la 1793 lina mzizi 1757. Wanafunzi wengi wanaandika mbinu rejeshi, wengine wanaita kisengere nyuma, wanaishia kutaja jina la mbinu. Wewe andika kazi yake: Dickens anaficha kosa la kwanza ili tulipofika nalo tuwe tumeshampenda mtoto wa waliolitenda.

Hatua ya 3: Wapange watu kwa nyumba, sio kwa umuhimu

Usipange mhusika mkuu, mhusika mdogo. Wapange kwa mahali wanapokaa, utawakumbuka haraka. Nyumba ya Soho, London: Daktari Manette, binti yake Lucie, mlezi wao Miss Pross, na baadae Darnay kama mume. Benki ya Tellson: mzee Jarvis Lorry, anayejiita mtu wa biashara tu wakati ana moyo mkubwa kuliko wote, na tarishi wa nje Jerry Cruncher. Mawakili: Stryver anayejisifu na Carton anayemfanyia kazi zote usiku na kitambaa kibichi kichwani. Mtaa wa Saint Antoine, Paris: Defarge, mkewe, mwanamke anayeitwa Kisasi, na kina Jacques, jina la siri wanaloitana wanamapinduzi. Jumba la Evrémonde: Marquis, yaani kabaila mwenye cheo hicho.

Pembeni andika majina ya bandia maana hapo ndo watu wanapotea. Charles Darnay jina lake la ukoo ni Evrémonde, yule Marquis katili ni baba yake mdogo. Jasusi John Barsad ni Solomon, kaka yake Miss Pross aliyemuibia pesa zote. Ukishajua hayo mawili nusu ya utata umekwisha.

Hatua ya 4: Uliza swali la deni, mmoja mmoja

Hapa tutakaa.

Anza na Darnay kwasababu yeye ndo rahisi kumdharau. Wengi wanamuona hana ladha, kijana mzuri mwenye adabu basi. Lakini rudi kwenye ile barua. Mama yake Darnay alimfuata Daktari Manette akiwa na mwanae wa miaka miwili mitatu ndani ya gari, anatafuta mdogo wa yule binti aliyekufa, maana alisikia kuna msichana mdogo wa familia ile amefichwa. Alitaka amsaidie. Akamwambia Daktari kwamba vito vyake atamuachia mtoto aje ampe huyo msichana siku akipatikana, na kama fidia haitatolewa basi anahisi siku moja mtoto wake ndo atadaiwa. Mtoto wa miaka mitatu! Alafu Darnay anakua, anakataa urithi, anakataa jina, anahamia Uingereza anafundisha Kifaransa kwa mshahara, anadhani amejitoa. Deni halikujua kama amejitoa. Na yule msichana aliyetafutwa na mama yake ndo Madame Defarge. Darnay alikuwa amekaa na mdai wake chumba kimoja mahakamani na hakumjua.

Ukiliona hilo, Darnay sio mhusika bapa tena. Ni mtu mwema ambaye wema wake umechelewa kizazi kimoja.

Sasa Madame Defarge. Tafadhali usiandike "ni mwanamke katili" ukahama. Anakaa dukani anafuma, anafuma, mume anaongea na wateja yeye anafuma, na kwenye kile kitambaa kuna majina ya wote watakaouawa, yameandikwa kwa mishono anayoijua yeye peke yake. Kile ni daftari la madeni. Daftari la karani unaweza kulichoma ama kufuta mstari, ila kilichofumwa ukitaka kukitoa ni lazima ufumue chote. Baba yake alikufa kwa uchungu, kaka kachomwa upanga, dada kanajisiwa kafa, shemeji kafa baada ya kufungwa mkokoteni, mtoto tumboni kafa. Anayo haki ya kudai, na mimi naona Dickens anajua anayo. Tatizo linaanza pale mume wake anapouliza tuishie wapi, yeye anamjibu uambie upepo na moto uishie wapi, usiniambie mimi. Anataka mke wa Darnay, anataka mtoto mdogo wa kike, anataka hata Daktari aliyewatibu ndugu zake. Yaani anataka kufanya kwa Lucie kile kile Evrémonde walichofanya kwake: kufuta familia nzima.

Hapa nitasema na maoni yangu. Naona Dickens kamuonea kidogo. Anatuonyesha jeraha lake sura chache tu kabla hajamuua, na kwenye sura ile ile anayomuua anamlinganisha na simbamarara jike. Ukiandika insha na ukasema hivyo kwa ushahidi, mwalimu makini atafurahi, kwasababu unabishana na mwandishi badala ya kumsifia tu.

Daktari Manette yeye ni mdai aliyesamehe. Asubuhi ya harusi ya Lucie, Darnay anamwambia jina lake halisi, na mzee baada ya wanandoa kuondoka anarudi kwenye benchi la fundi viatu anashona viatu siku tisa mfululizo bila kumtambua mtu, kazi aliyojifunza gerezani ili asiwe kichaa. Lakini hakuizuia ndoa. Alisamehe na mwili wake ukalipa gharama. Alafu karatasi yake ya 1767 inasomwa mahakamani na kumhukumu mkwe wake. Kwangu mimi hapo ndo katikati ya riwaya nzima: mtu amesamehe lakini maandishi yake hayajui kusamehe. Aliandika kizazi chao chote, na mjukuu wake mwenyewe sasa ni wa kizazi hicho.

Na Carton. Waangalie wote hao watatu, kila mmoja amefungwa na 1757 kwa damu au kwa jeraha. Carton hana uhusiano wowote na 1757. Hamdai mtu na hadaiwi, ukoo hana, anafanya kazi ya Stryver na sifa zinaenda kwa Stryver, analala kitandani alfajiri akilia. Siku moja anamwambia Lucie hatarajii chochote kwake, ila akumbuke yupo mtu anayeweza kutoa uhai wake ili mtu ambaye Lucie anampenda abaki hai. Hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni, wazee wetu walishasema. Ni deni pekee kwenye kitabu ambalo mtu amelichukua mwenyewe kwa hiari. Ndomaana yeye pekee anaweza kukata mnyororo: mtu asiyehusika anaingia kulipa, na baada yake hakuna wa kudaiwa.

Ukimaliza hawa wanne, wengine wapitie haraka. Lucie kusema kweli hajaandikwa kwa kina, yeye ni uzi unaowashika wengine pamoja, na kitabu cha pili kinaitwa Uzi wa Dhahabu kwa ajili ya nywele zake na hiyo kazi yake. Usimlazimishie utata asiokuwa nao. Miss Pross ni bora, mtumie ukitaka mfano wa upendo unaopambana: anamzuia Madame Defarge mlangoni, wanashikana, bastola ya Madame inalipuka na kumuua mwenyewe, na Miss Pross anabaki kiziwi maisha yake yote. Hata ushindi wa mtu mwema una bei.

Hatua ya 5: Fuata vitu vinavyojirudia

Chukua kalamu nne za rangi, au alama nne tofauti kama unasoma kwenye simu, na weka alama kila ukikuta mvinyo, kufuma, viatu na nyayo. Vinne tu, usiongeze, ukiongeza utachanganyikiwa.

Mvinyo ni rahisi kuuona lakini una kina. Pipa linaanguka mtaani Saint Antoine linapasuka, watu wanaacha kila kitu wanakuja kunywa kwenye mawe, wengine wanachota na viganja, akina mama wanachovya vitambaa wanawakamulia watoto mdomoni. Njaa imefika hapo. Alafu jamaa mmoja mrefu, Gaspard, anachovya kidole kwenye mashapo ya mvinyo anaandika ukutani DAMU. Baadae mtoto wa huyo huyo Gaspard anakanyagwa na gari la Marquis. Marquis anauliza farasi wake wameumia, anatupa sarafu ya dhahabu kama malipo ya mtoto. Gari likianza kuondoka sarafu inarushwa ndani kurudi kwake. Anasimamisha gari, anatazama aliyekuwa amesimama pale, anakuta mwanamke anafuma. Soma huo ukurasa taratibu, ni deni limekataa kulipwa kwa pesa.

Viatu nimeshavisema kwa Daktari. Nyayo: nyumba ya Soho iko kwenye kona yenye mwangwi, Lucie anakaa anasikia hatua za watu wasioonekana na anahisi ni za watu watakaoingia kwenye maisha yao. Sura inayoeleza kuanguka kwa Bastille inaanzia na nyayo hizo hizo. Na sura ya mwisho kabisa jina lake linasema nyayo zinapotea milele. Ukiandika juu ya nyayo huna haja ya kusema mengi, onyesha tu hizo sehemu tatu.

Kuna ufufuo pia, dhamira inayotajwa na kila mtu. Ushauri wangu, usiishie kwa Daktari kutoka gerezani na Carton kukumbuka maneno ya Biblia usiku ule anatembea Paris peke yake. Muweke na Jerry Cruncher. Jerry usiku anafukua makaburi anauza maiti kwa madaktari, mikono imejaa kutu, mwanae anajiuliza baba anaitoa wapi kutu yote hiyo, buti zake asubuhi zina matope, na mkewe akipiga magoti kusali anampiga. Wengi wanamuacha wakidhani ni wa kuchekesha tu. Lakini ni Jerry ndiye aliyefukua kaburi la jasusi Roger Cly akakuta mawe na udongo ndani ya jeneza, na ushahidi huo ndo Carton anaoutumia kumbana Barsad amuingize gerezani. Bila mfukua makaburi, Darnay hafufuki.

Hatua ya 6: Shughulikia dhamira ya mapinduzi kwa pande zote mbili

Swali la kawaida: je, Dickens anaunga mkono mapinduzi au anayapinga? Usijibu moja. Kanuni yangu ni kuchukua tukio moja la kila upande yanayofanana na kuyaweka jirani.

Mfano, Foulon. Huyu alikuwepo kweli kwenye historia, kigogo aliyesemekana kuwaambia wenye njaa wale majani, akauawa Julai 22, 1789. Kwenye riwaya umati unamkamata, unamjaza majani mdomoni, unamtundika. Unaelewa hasira yao, na bado unaogopa mikono yao. Sasa kaweke hapo jirani Gaspard, ambaye baada ya kumuua Marquis alitundikwa juu ya chemchemi ya kijiji, maji ya kunywa ya watu yakachafuka. Utawala ulitundika, umati ukatundika. Dickens hasemi ni sawa kwa ukubwa, anasema ni mbegu ile ile, na kwenye sura ya mwisho anaandika wazi kwamba ukiwaponda tena binadamu kwa nyundo zile zile watajikunja kuwa maumbo yale yale. Sasa hapo unaweza kujadili: je, ni haki kumlaumu aliyepondwa kwa umbo alilopata?

Na usimuache yule msichana mshonaji. Hana jina. Yuko kwenye foleni ya watu 52 wa siku ile, maskini, hajui hata njama aliyotuhumiwa nayo ni ipi, na anamwambia Carton hakatai kufa kama Jamhuri inayosema itawasaidia maskini itafaidika na kifo chake, ila yeye hajui itafaidikaje. Sijawahi kusoma hapo bila kusimama kidogo. Mapinduzi yalikuja kwa ajili yake, na yeye ndo analipa. Kama una nafasi ya kutaja mhusika mmoja mdogo tu kwenye insha yako, mtaje huyu. Na ni yeye pekee aliyegundua kwamba aliyesimama pale sio Evrémonde.

Hatua ya 7: Andika aya yako

Aya moja, hoja moja. Sema hoja, leta tukio na mahali lilipo, eleza tukio linathibitishaje hoja, alafu liunganishe na mhusika mwingine. Hapo kwenye kuunganisha ndo wengi wanaruka, na ndo pana alama. Angalia hii niliyoandika kama mfano:

"Dickens anaonyesha kuwa msamaha wa mtu mmoja hauwezi kufuta dhuluma iliyokwisha kuandikwa. Katika kitabu cha pili, Daktari Manette anapata habari kuwa mkwe wake ni wa ukoo wa Evrémonde, naye anairuhusu ndoa ingawa anarudiwa na ugonjwa wake wa kushona viatu kwa siku tisa. Hata hivyo, katika sura ya kumi ya kitabu cha tatu, maandishi yake ya gerezani yanatumika kumhukumu mkwe huyo huyo. Kinyume hiki kinaonyesha kuwa machungu ya 1767 yamekuwa mali ya umma, na mwenyewe hana tena mamlaka nayo. Ni sawa na ufumaji wa Madame Defarge: jina likishaingia, hata aliyelitia hawezi kulitoa."

Sentensi tano. Haina sifa hata moja ya mhusika iliyoorodheshwa, na bado umemjua Daktari. Andika za namna hiyo nne au tano kwa wahusika tofauti, zipange kwa miaka ya mstari wako wa hatua ya 2, na insha inajisimamia.

Kagua pia makosa haya kabla hujakusanya. Bastille ilianguka 1789 lakini Daktari hakukombolewa siku hiyo, alitoka 1775, ona usichanganye. Mahakama ya kwanza ya Darnay ni ya Uingereza, na Dickens anaionyesha ina kiu ya damu vile vile, watu wamelipa kiingilio kumuangalia mtu atakayechanwa vipande vinne, kwahiyo usiandike kwamba London ni mji wa haki na Paris ni mji wa dhuluma. Lile jina la miji miwili linadanganya wengi hapo.

Na la mwisho, lile neno maarufu la Carton kwamba anachokifanya sasa ni bora mara nyingi kuliko chochote alichowahi kufanya. Karibu kila insha inasema "Carton alisema akiwa kwenye gilotini", ile mashine ya kukata vichwa. Rudi usome. Gilotini inahesabu, wanawake wanafuma na kuhesabu, msichana anakuwa wa ishirini na mbili, Carton wa ishirini na tatu, na baada ya hapo ndipo msimulizi anaanza: kama angeyatamka mawazo yake, na kama yangekuwa ya kinabii, yangekuwa haya. Hayo maneno hayakutamkwa na hakuna aliyeyasikia. Carton amekufa kwa jina la mtu mwingine, kimya, na msimulizi ndo anampa sauti baadae. Andika hivyo, kwa usahihi huo.